Nyumba Zilizotazama Barabara

Filister alikuwa uani akipepeta wimbi gari la serikali liliposimama, na Bwana Onyancha, afisa wa makazi, akateremka. Hakufika chini. Aliishia usawa wa magoti, akabaki hewani na mkoba wake kwapani, viatu vikimetameta.

"Benta," Filister alimwita mke mwenzake, "lete kamba ya ndama. Serikali imefika."

Mji mkuu uko mbali, na anayetumwa kutoka huko huishiwa uzito njiani. Afisa wa kwanza upepo ulimchukua mpaka ziwani, wavuvi wa Mfangano ndio waliomrudisha. Tangu hapo watu wa bonde la Lambwe huwafunga. Sasa wewe ungefanyaje?

Wenyewe walikuwa wahamiaji, wengi wa kisiwa cha Rusinga. Waliahidiwa mashamba, wakafyeka vichaka vya mbung'o, wakakaa. Pamba ilikubali, watoto walinenepa, Filister hakuwa na ugomvi na mtu. Amri moja tu ilimkaa kooni: nyumba zote zipangwe kwa mstari, milango itazame barabara. Yeye ni mikayi, mke wa kwanza wa Cephas, na mlango wa mikayi hutazama lango la boma. Kutokana na mlango huo wengine wote hujua pa kujenga. Sasa yeye na Benta walikaa bega kwa bega kama watu wa foleni, na Elijah, kifungua mimba wake, alishindwa kuoa kwa kukosa pa kuweka kibanda chake, maana kibanda cha kijana hujengwa kando ya lango, na lango halikuwepo. Uchungu huo alilala nao, akaamka nao.

"Tunataka kugeuza nyumba, bwana afisa," Cephas alisema.

"Haiwezekani, mzee. Ramani imepitishwa."

"Aliyeichora alifika hapa?"

"Afike kufanya nini?"

"Yawa!" Filister alisema. "Basi kula kwanza."

Afisa alikula ugali na samaki, akazidi kuelea. Ila Filister alipomweleza habari za lango, Onyancha alisikiliza, kisha akauliza, "Sasa mkwe wako ataingilia wapi, mama?" Kisigino chake kikagusa ardhi. Kufikia jioni alikuwa ametembea boma zima kwa miguu, viatu vimejaa vumbi, anacheka.

"Mtageuza," aliahidi. "Nitawaambia wakubwa."

Aliwaambia kweli. Wakamhamisha, kwa kuwa afisa aliyekanyaga chini hafai tena kutumwa. Akaja Bwana Nyabuto, anaelea usawa wa paa, na ramani ni ile ile. Atakayegeuza mlango atanyang'anywa shamba, alisema.

Filister alimsikiliza mpaka mwisho. Alijitazama moyoni akitafuta hofu, akakuta hakuna, na jambo hilo lilimfurahisha sana.

"Baba Elijah," alisema, "chimba mashimo ya lango."

Cephas akachimba. Filister na Benta wakatoboa ukuta wa nyuma, wakakandika kizingiti kipya. Majirani walipoona wakachukua majembe yao, na mchana bonde lote lilikuwa linageuza nyumba huku watu wakiimba. Nyabuto aliwakataza kutoka juu mpaka sauti ikamkauka, Benta akampandishia maji kwa ufito.

Ramani haikubadilika. Mashamba bado yangenyang'anywa.

"Na wakileta askari?" Benta aliuliza.

"Nao watatoka mji mkuu huko huko," Filister alisema, akaendelea kukandika.