Usaili wa Kazi ya Kuwa Mama wa Siwema

Usiku wa jana niliota nimeitwa kwenye usaili wa kazi ya kuwa mama wa Siwema. Kazi hiyo ninayo tangu azaliwe, na sasa yuko kidato cha tatu. Lakini nafasi ilikuwa imetangazwa upya, na nikishindwa naondoka siku hiyo hiyo.

Tuko kwenye duka la dawa ninalofanyia kazi. Mwenyekiti ni mizani ya kupimia watoto. Nikampa stashahada yangu ya famasia. Akaiweka juu yake. Mshale haukutikisika.

"Nzuri," akasema. "Una kingine?"

"Napika, nafua, nalipa ada, na sichelewi popote."

"Hayo wanayo wengi. Mwombaji mwingine!"

Akaingia friji wa nyumbani kwetu. Amejipangusa vizuri.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Uzoefu?"

"Kila jioni mtoto hunifungua mlango, husimama, hunieleza mambo yake mpaka yaishe. Sijawahi kumkatiza."

"Mwongo! Anatafuta maziwa huyo!" nikasema.

"Maziwa anakunywa, dada. Lakini anachofuata ni maongezi."

Mshale ukapanda mpaka mwisho.

Mizani akafungua droo, akatoa sentensi. Ilikuwa ndogo, haina mkia, inachechemea juu ya kaunta kama mjusi aliyebanwa na mlango. Inasema: "Mama, leo shuleni mwalimu ali..." Halafu basi.

"Ni ya Siwema. Uliikata jana mkiosha vyombo."

"Nilimtuma akaanue nguo. Mvua ilikuwa inanyesha."

"Ilinyesha?"

"Kulikuwa na mawingu."

"Sasa isubiri iote mkia. Ukitoa neno moja, friji anaanza kazi leo."

Duka likawa darasa. Nimekaa kwenye dawati dogo, magoti yamegusa kidevu. Nguo zangu zimeanikwa ubaoni na mvua inazinyeshea zenyewe tu. Mahali fulani maharage yanaungua, nayasikia harufu. Maneno yananipangia foleni mdomoni: harakisha, nyoosha mgongo, si nilikwambia. Nayameza moja moja, makavu, bila maji. Mimi ndiye ninayewaambia wateja wasimeze dawa hivyo.

Mkia unaota polepole. Unasimama. Nanyamaza. Unaendelea.

"...alinipa kazi ya kuwapatanisha wale mapacha wa darasani kwetu walioacha kusemeshana. Sikuwahubiria. Nilimuuliza kila mmoja kilichomuuma, nikamsubiri amalize. Mwalimu kasema uwezo huo haumo kwenye mtihani, ila utanifaa kwenye kazi yoyote nitakayofanya. Wewe unaonaje, mama?"

Sentensi ikaruka dirishani, nzima.

"Umepita," mizani akasema. "Utaendelea pale ulipoishia."

Friji akanipa mkono wa pongezi. Wa baridi kweli.

Nikaamka. Siwema alikuwa mezani na sare zake, anakunywa chai.

"Wale mapacha wameshaanza kusemeshana?" nikamuuliza.

Kikombe kikasimama njiani.

"Mama! Hilo sijamwambia mtu. Nani kakwambia?"

Jibu nilikuwa nalo, tena refu. Nikavuta kiti, nikakaa.

"Basi nianze mwanzo," akasema, na akasogeza kikombe pembeni.