Sakafu ya Chumba cha Kufulia

"Umefuata historia au umefuata keki ya nazi?" Noreen alimuuliza mgeni wake.

"Historia haina nazi, Bi Noreen," Desmond Pask akajibu, akakivuta kiti kile kile cha jikoni.

Desmond alikuwa dereva wa treni mstaafu. Siku hizi alikusanya kumbukumbu za familia kwa ajili ya kitabu cha miaka mia moja na hamsini ya mji wa Merrabin. Sura moja ilimhusu marehemu Wes Tarrant, baba yake Noreen, aliyekuwa nyapara wa manispaa. Makaburi ya zamani yalipogeuzwa bustani mwaka 1966, Wes ndiye aliyeokoa mawe thelathini na moja ya makaburi, ambayo mpaka leo yameegemezwa ukutani. Ijumaa lango la bustani lingepewa jina lake. Ilibaki saini ya binti yake tu chini ya sura hiyo.

Noreen aliisoma karatasi aliyoletewa polepole, kidole chini ya kila mstari. *Mawe mengine yalikuwa yamevunjika, yakatupwa.* Kidole kikagota hapo.

"Mimi nilikuwa namtafuta mmoja tu," Desmond akasema. "Dada mdogo wa babu, Ida. Mafua ya 1919 yalimchukua ana miaka minne. Babu alikuwa anakwenda kila Jumapili. Jumapili moja akakuta nyasi. Mpaka anakata roho anauliza, lile jiwe lenye mwanakondoo limekwenda wapi?"

Noreen alikuwa na miaka kumi baba yake alipoyaleta mawe mengine nyumbani kwa lori la kazini. Aliyalaza kifudifudi yawe sakafu ya chumba cha kufulia, migongo laini juu, akaziba nafasi kwa saruji. "Jiwe zuri halitupwi," alisema. Wenzake nao walichukua yao. Hanlon, mmoja wao, alijengea ngazi. Mtaa mzima ulijua, na mtaa mzima ukanyamaza. Mama yake alifulia humo miaka thelathini, na hata kwenye joto la Januari hakuwahi kuingia bila viatu. Noreen akiingia pekupeku, alichapwa kofi la mguu bila kuelezwa kosa.

Sasa Noreen alikunja karatasi.

"Des, acha keki. Bandani kuna mtaimbo."

Jiwe la tatu la sakafu liliwapa kazi. Lilipobinuka, walimwona mwanakondoo, amelala, sikio moja limekatika. Chini yake: PASK, UMRI MIAKA 4. Penye jina la kwanza palikuwa na tundu la mviringo, limetobolewa kwa ustadi, bomba la maji machafu likipita katikati.

Desmond alipiga magoti. Akaweka kiganja juu ya tundu, kama anayezuia kitu kisiendelee kuvuja.

"Baba yako alilisoma kabla ya kulitoboa?"

Noreen angeweza kusema hajui. Miaka hamsini na zaidi alikuwa akijiambia hivyo.

"Alijua kusoma," akasema.

Akayahesabu mawe ya sakafuni kwa kidole.

"Yapo kumi na mawili humu," Noreen akasema. "Mengine nitakuonyesha nyumba kwa nyumba. Andika, nitatia saini."

Desmond alichukua kalamu, akaitazama, akairudisha mfukoni.

"Siwezi, Bi Noreen. Leo siwezi."

Basi Noreen akaiomba kalamu. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaikunjua karatasi, akaifuta sentensi ile ya mawe kutupwa kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake akaanza kuandika nyingine mwenyewe, neno la kwanza likiwa jina la baba yake.