Kulisha Rweya

Misonobari ya mzee Kyaruzi, mipaina kama wengi wanavyoiita, ilikuwa ya njano, na mti wa njano kilimani hauna pa kujificha. Kila aliyetoka Muleba kwenda Bukoba aliiona imedumaa, mwaka wa tatu huu, haijamfika hata mtoto kiunoni. Wapo waliosema mzee amerogwa. Kyaruzi hakuwa na nafasi ya kuogopa wachawi, maana alikuwa na hofu yake nyingine iliyomtosha. Mwanawe wa pekee, Avit, aliyelowea Dar es Salaam tangu amalize chuo, alimwahidi: "Tata, mipaina mipya ikishika, nitarudi tuisimamie wote." Sasa mipaina haikushika.

Mkewe, Kokushubila, alilala kibanjani, katikati ya migomba, walikozikwa wazee wote wa ukoo. Tangu siku ile alipozikwa, nyumba ilikuwa kubwa mno. Upweke ulimtafuna mzee wa watu, tusifichane.

Siku moja Annastella, afisa misitu, alipanda naye kilimani. Alichimba kidogo, akausugua udongo viganjani, akatikisa kichwa.

"Msitu wa kwanza ulipovunwa, waitu, mzee wangu, matawi na majani yalikwenda wapi?"

"Kibanjani!" Kyaruzi alijibu kwa majivuno. "Nilibeba yote, na magome. Hata yaliyodondoka nilifagia."

Kwa nini asijivune? Mhaya gani asiyejua kwamba nyasi hukatwa rweya, kule kwenye uwanda wa kilimani, zikashushwa kutandazwa kwenye migomba? Rweya hutoa, kibanja hupokea. Ndivyo walivyofanya babu zake, na hakuna aliyewahi kusikia kitu kikipandishwa.

"Basi hapo ndipo tulipoharibu," Annastella alisema taratibu. "Gogo likipakiwa kwenye lori linaondoka na chakula, lakini si kingi. Kingi kimo kwenye majani, matawi na magome. Ungeyaacha yaoze palepale. Udongo wa rweya ni mwembamba, mzee, na wewe umeukomba mpaka ukoko."

"Nikinunua mbolea ya dukani?"

"Itasaidia. Ila mvua za huku zitaiosha kama hakuna majani ya kuishikilia. Pandisha samadi, pandisha na majani."

Kyaruzi akapandisha. Mbolea aliitia kwenye mashina, kisha akabeba samadi, majani ya migomba na vigogo vyake vilivyokatwakatwa, mzigo baada ya mzigo, akiukwea mlima ambao watu wote huushuka na mizigo. Jirani yake Rugemalira alimkuta njiani, akacheka hadi akashika mbavu.

"Kyaruzi, unailisha rweya? Kesho utalinywesha maji ziwa!"

Naye alicheka, kisha akaendelea peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini angefanyaje, na hicho kimoja ndicho alichokuwa nacho? Yalipopungua majani, aliyazoa hata yaliyotandazwa juu ya kaburi la mkewe.

"Nisamehe, mama Avit," alisema kwa sauti. "Ni kwa ajili ya mtoto."

Mvua za vuli zilipita, za masika zikafuata, na misonobari ikaanza kurudisha rangi. Machipukizi yakatoka, laini, kijani kibichi. Kyaruzi alisimama katikati yake, furaha ikamzidi, akampigia Avit palepale.

"Imeshika, baba! Ukiiona huwezi kuamini. Nianze kukusafishia chumba?"

Upande wa pili mtoto mdogo alikuwa akilia, mwanamke akimbembeleza.

"Tata," Avit alisema mwishowe, "lile neno nililisema siku ya msiba wa mama ili uache kulia. Sikujua umelishika. Mimi nimeshajenga huku."

Kyaruzi alimwambia amefanya vyema, kwamba mwanamume kuwa na nyumba ni heshima, na kwamba awasalimie sana mkewe na mtoto. Kisha akawahi kukata simu, mwanawe asije akamsikia akilia.