Arobaini ya Bibi Ljubica

Mwenda kwao ndiye mtumwa. Upendo aliligundua hilo miezi mitatu baada ya kurudi Mafiga, ujumbe ulipoingia kwenye simu kutoka Kroatia: Bibi Ljubica, kizee ambaye Upendo aliajiriwa kumwogesha na kumlisha miaka minne mjini Zadar, amefariki na keshazikwa.

Alilia mara moja. Kisha akafanya alichofundishwa na marehemu. Alijaza pombe kali kwenye chupa kubwa ya kioo, akatumbukiza rozmari, mnanaa na maganda ya malimau ya Mgeta, akaiweka juu ya ukuta wa uani. Kule huiita travarica. Hukaa juani siku arobaini, na kwao Upendo arobaini ndiyo siku ya kuhitimisha msiba.

Mama yake akawa anaikwepa chupa ile kama anakwepa nyoka. "Watu watasema nimeanza uganga."

"Waambie foleni ni ndefu, waje mwezi ujao."

Mawingu yaliposhuka kutoka Uluguru, Upendo aliinunia milima. Alikikumbuka kibaraza cha Zadar, vikombe viwili vidogo kabla ya kahawa ya asubuhi, na kizee akigonga meza kwa kijiko: "Nitazame machoni, binti. Anayekunywa akiangalia chini amenitakia mabaya."

Siku ya arobaini iliangukia Jumamosi, zamu yao kupokea jumuiya ya kanisa. Sala ilipokwisha, Upendo akaleta chupa na vikombe viwili.

"Nina marehemu wangu," akasema. "Naomba nimhitimishie."

Mzee Wilfred, mwenyekiti wa jumuiya, akacheka kidogo. "Mzungu naye ana arobaini?"

"Anayo. Nimemhesabia mimi."

Mzee akapokea kikombe, kwa adabu tu. Upendo akainua chake, akamkazia macho bila kupepesa, akamtakia uzima kwa lugha ya kule, "Živili," akanywa. Ladha ikamrudishia kibaraza chote, kasoro kizee. Machozi yakamlenga, lakini macho hakuyashusha.

Sebule nzima ikaona la ajabu. Binti anamkodolea mzee macho, na pombe mkononi.

"Upendo," mama akanong'ona, "piga goti, mwombe mwenyekiti radhi."

"Kule ndiyo heshima, mama. Ningeangalia chini ningemtukana marehemu."

"Hapa si kule."

"Najua. Kila asubuhi nikiamka najua. Ila radhi siombi."