Utelezi wa Bwawani

Nilikuwa naparua perege mwaloni, kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, wenzangu waliponijia mbio: mtumbwi wa mume wangu umepatikana.

Frederick alitoweka masika. Wavuvi walimtafuta mpaka wakachoka, kisha midomo ikaanza kazi yake: yuko kwenye machimbo ya Mirerani, kaoa, kanenepa. Miezi yote hiyo nilitaka jambo moja tu, nijue kama mimi ni mjane au mke aliyeachwa. Hayo mawili hayafanani, jamani. Mjane hupewa pole. Aliyeachwa huulizwa alifanya nini.

Mvuvi mwenzake Abdulmajid ndiye aliyeunasa mtumbwi kwa nyavu zake, wakauburuta hadi ufukweni. Watu walikuwa wameshavua kofia. Mimi nikainama, nikaingiza mkono ndani.

Kitu chochote ukikizamisha bwawani hakikai kitupu. Mapema tu kinapata utando ambao macho hayauoni, vidole ndivyo vinauhisi. Afisa uvuvi mmoja aliwahi kutuletea hadubini tukachungulia: vijidudu tele, vimejigandisha kwa ute wao wenyewe, na vingine vinakuja kujishikiza juu ya hivyo. Baadaye unaona ukijani, halafu manyoya ya mwani, halafu konokono wadogo wanaokuja kula. Ndiyo maana maboya yetu hatuachi kuyakwangua. Mtumbwi unaotumika huota utelezi kwa nje. Ndani hauoti, mpaka uzame.

Ndani ya mtumbwi wa Frederick mlikuwa safi. Nilipapasa ubao wa kukalia, nikapapasa mbavu, nikakuta utelezi mwembamba wa siku chache, basi. Uliozama tangu masika ungekuwa na manyoya kama mbuzi. Huu ulikuwa unaelea mahali hadi juzijuzi, na mwenyewe kauzamisha makusudi ili tumlilie. Damu ilinichemka. Nilimtazama Abdulmajid, akageukia pembeni. Mvuvi gani asiyejua hilo?

Mama mkwe alifika jioni kutoka Bombo, kijijini kwake milimani, vumbi la njia ya Same limemjaa mpaka kwenye nyusi. Alikausha samaki hapa ujana wake wote kabla ya kurudi mlimani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama, akaenda moja kwa moja kwenye mtumbwi. Akapapasa ubao baada ya ubao, taratibu, kisha akafuta vidole kwenye kanga.

"Mama, umeona?" nikasema. "Mwanao yu hai. Ametu..."

"Nyamaza, mama Irine."

Akakaa mchangani. Nilidhani atalia, hakulia. Kwa mara ya kwanza nilimwona amezeeka, na hasira yangu ikachanganyika na huruma nisiyoitaka.

"Kesho tunapanda Bombo," akawaambia wanaume. "Mkifika mkate mgomba, mchimbe kaburi. Mwili haukuonekana, tutazika mgomba badala yake."

Walipoondoka nikamnong'oneza, "Lakini mama, tunamzika nani?"

"Mwanangu. Niliyemzaa mimi alikufa masika, asingeweza kukufanyia hivi wewe na mtoto. Huyo aliyeuzamisha mtumbwi simjui. Akija kubisha hodi kwangu, nitamwonyesha kaburi."

Akavua kanga yake ya mabegani, akanifunga kichwani kama wanavyofungwa wajane. Hapo ndipo nilipolia.