Mshale wa Saa Kumi na Moja

Saa nne na nusu asubuhi, Mzee Sifaeli alichora saa, mshale mfupi kwenye tano na mrefu kwenye mbili. Agnela, mtafiti wa chuo kikuu anayepima kumbukumbu za wazee, alikuwa amemwambia achore saa kumi na moja na dakika kumi. Karatasi ya majibu ilitaka mshale mfupi kwenye kumi na moja. Agnela akaandika sifuri, kisha akaduwaa. Wazee wote kumi na wawili aliowapima jana walikosa vilevile. Kijiji kizima kimesahau?

“Nilijua,” alisema Penina, binti wa mzee. “Baba, unahamia kwangu mjini, Njiro.”

“Na kahawa yangu aichume nani, wewe na hizo kucha?” Akamgeukia Agnela. “Mjukuu wangu, nimekosa wapi?”

“Mshale mfupi, babu. Ulitakiwa uwe kwenye kumi na moja.”

“Hapo si ni saa tano! Chuoni kwenu hamna saa ya ukutani?”

Agnela aliisoma fomu upya. Ilitafsiriwa kutoka Kiingereza, namba kwa namba. Alikata sifuri, akaandika alama zote, akamgeuzia Penina karatasi aione.