Ziwa la Hénock

Jeanne alikuwa fundi wa mapazia huko Troyeville, Johannesburg, na wateja wengi walimpata kwa kuambiana. Kwa hiyo dereva mmoja alipokuja Jumamosi asubuhi kumwambia kwamba bosi wake wa Houghton, mtaa wa matajiri, anataka mapazia ya nyumba nzima, hakuuliza huyo bosi ni nani. Alimuaga mumewe Évariste, akachukua utepe wake wa kupimia, akapanda gari.

Geti lilifunguka. Wakapita chini ya miti mirefu, wakaizunguka nyumba yenyewe, na hapo Jeanne akasahau kushuka.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na maji. Halikuwa bwawa la kuogelea, la. Maji yalienda mpaka kwenye miamba ya mlimani, na ndani yake ziliingia ncha tano za ardhi, kama vidole vya mkono uliolowekwa. Jeanne alizaliwa Bukavu. Mkono ule aliujua. Alikulia kwenye kidole kimoja cha mkono ule, akiamka kila siku na ziwa Kivu mbele yake. Sasa ulikuwa hapa, Johannesburg, mji usio na ziwa wala mto wa maana, umelala kimya juani.

"Karibu, Jeanne."

Aligeuka. Mvi zilikuwa zimeanza kumtoka kichwani, lakini sauti ilikuwa ileile.

"Hénock? Ni wewe?"

"Njo mimi."

Walikuwa wachumba zamani, kule Bukavu. Hénock aliondoka kuja Kusini kutafuta maisha, akamwomba amsubiri, kisha habari zake zikakatika. Jeanne alisubiri hadi watu wakaanza kumhurumia, ndipo akaolewa na Évariste. Alikuwa amesikia tu kwamba kuna Mkongomani mwenye malori yanayokwenda Lubumbashi. Hakujua ni yeye.

Hénock alimpandisha ghorofani, kwenye chumba chenye dirisha la ukuta mzima. Ziwa lote lilionekana.

"Hapa hajalala mtu bado," alisema. "Unakumbuka siku ile tunakula mahindi ya kuchoma? Uliniambia unataka nyumba ambayo ukifungua dirisha asubuhi unaona maji."

Jeanne hakukumbuka. Wakati ule alisema mambo mengi, alikuwa binti wa miaka kumi na tisa. Lakini alitazama ile miamba iliyokatwa, ile ardhi iliyopindwa ikafuata kumbukumbu ya mtu mmoja, na mwili ukamsisimka. Sentensi yake moja, aliyoitamka mdomo umejaa mahindi, ilikuwa imesogeza mlima. Ni mwanamke gani aliwahi kupendwa namna hii?

"Bado unaogopa radi?" Hénock aliuliza kwa upole.

"Radi? Sasa naipenda. Mvua za Joburg zikianza kunguruma natoka nje kutazama."

Hénock alicheka. "Hapana. Wewe unaogopa radi."

Hakuwa anamtania. Alimtazama kama mtu anayemsahihisha mtoto aliyekosea somo, na Jeanne akaelewa kwamba mwanamume huyu alikuwa akizungumza na mtu mwingine, msichana aliyesimama mahali fulani nyuma yake.

"Hénock," alisema, "mimi ni Mama Chloé sasa. Nina mume, na ninampenda. Nitakupimia madirisha yako. Kukaa hapa siwezi."

Hénock akageuka. Alishuka ngazi. Jeanne akamwona kupitia dirishani akivuka majani, na suti yake na viatu vyake, akaingia majini bila kusimama.

"Hénock! Utazama!"

Jeanne alishuka mbio hadi ukingoni. Hénock alikuwa ameshafika katikati ya ziwa, na maji yalikuwa yamemfika magotini.

"Chini ni mwamba," alisema bila kugeuka. "Mashine zilivunjika. Hawakuweza kuchimba zaidi."

Jeanne alivua viatu, akamfuata. Maji yalikuwa ya baridi, na mawingu yote ya Johannesburg yalikuwa ndani yake, marefu kwenda chini kana kwamba hayana mwisho. Alijua sasa kina chake, na bado alistaajabu.

"Yule msichana alienda wapi?" Hénock aliuliza.

"Alikua. Nikwambie alivyokua?"

"Niambie."

Wakasimama pale, Jeanne akisimulia: ndoa, safari ya kuja Kusini, cherehani ya kwanza, Chloé anayejibu kwa Kizulu ukimsemesha Kiswahili. Mara mbili Hénock alitaka kumkatiza, akajizuia. Mwishowe akamshika mkono, akamtoa majini, akamwita dereva.

Nyumbani Jeanne alimweleza Évariste kila kitu. Évariste alikasirika. Mapazia yalishonwa, yakapelekwa. Kabla mwaka haujaisha dereva alileta habari kwamba nyumba imeuzwa, Hénock amehamia Lubumbashi na malori yake, na amekuwa mtu wa kuzungumza zaidi kuliko zamani.

"Nipeleke nikaone," Évariste alisema Jumapili moja baada ya ibada.

Mlinzi wa getini, mtu wa Goma, aliwaruhusu kuchungulia. Ziwa lilikuwepo, na upepo ulikuwa unalikunja kidogo. Évariste alivua kofia.

"Eish, Mama Chloé," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani. "Ngoja. Tusiondoke kwanza."